Podikasti na Ufundishaji wa Uandishi Vyuoni

Wako walimu wa vyuo vikuu wanaodai kwamba mwanafunzi hujifunza kuandika vizuri zaidi akitunga podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachowekwa kwenye intaneti kisikilizwe wakati wowote, kuliko akitunga insha. Dai hili lina ukweli ndani yake, lakini kwa maoni yetu limevuka mpaka.

Kielelezo kinachotajwa mara nyingi ni Serial, kilichoanza kusikika Marekani mwezi Oktoba 2014. Katika sehemu 12 za mfululizo wa kwanza, Sarah Koenig aliichunguza upya kesi ya mauaji yaliyotokea Baltimore mwaka 1999. Msikilizaji hudhani anasikia mazungumzo ya barazani, kumbe masimulizi yale yaliandikwa kwanza. Kila ushahidi unapimwa, na palipo na shaka, shaka hiyo inatajwa waziwazi. Hilo ni somo kubwa kwa mwandishi chipukizi.

Hata hivyo, kielelezo hichohicho kina hatari yake. Koenig huyachelewesha baadhi ya mambo ili tuingojee sehemu ifuatayo kwa hamu. Mwanafunzi anayemwiga huificha hoja yake hadi aya ya mwisho ya insha, na msomaji akabaki gizani. Taharuki huipamba hadithi. Haiwezi kuchukua nafasi ya hoja.

Je, sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda, Rwanda na Burundi tutanufaika vipi? Faida iliyo wazi ni ya pumzi. Sentensi iliyorundikwa virejeshi vinne hupita kimyakimya karatasini, lakini mdomo huikataa. Mwandishi anayekwama akiisoma kazi yake mwenyewe hahitaji kuambiwa mahali pa kuikata.

Lakini sikio nalo lina upungufu wake. "Ninakwenda" na "nina kwenda" husikika sawa, ingawa moja ni sahihi na jingine ni kosa. Tena, mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza haitenganishi l na r huweza kuandika "mahari" akikusudia "mahali", na atayasoma hivyohivyo bila wasiwasi. Kinasa sauti kitayahifadhi makosa yake kwa uaminifu, hakitayasahihisha. Hapo hapana budi kalamu ya mwalimu ipite.

Kwa hiyo twashauri kazi hii iwe na hatua nne: rasimu iandikwe, isomwe na kunaswa, isikilizwe darasani, kisha iandikwe upya. Mwalimu alinganishe rasimu ya kwanza na ya mwisho, kwani maendeleo ya mwanafunzi yataonekana katika tofauti ya hizo mbili. Alama zitolewe kwa maandishi, wala si kwa muziki wa kufungulia kipindi. Tusipoangalia hilo, mwenye simu nzuri atamshinda mwenye sentensi nzuri, nasi tutakuwa tumefundisha jambo jingine kabisa.