Kimea Kilikuwa Mstari wa Tatu

Mliokuwa kwenye kaunta ya mkahawa ule wa Kololo, Kampala, mliona kosa lenyewe. Mteja mwenye siliaki, ugonjwa unaochochewa na gluteni, anauliza kama shira ina gluteni. Barista anageuza chupa mbili. Ya vanila anaikataa kwa kuwa ina glukosi ya ngano. Ya pili, ya ladha ya biskuti kutoka Marekani, anaipitisha, eti tangazo la mzio chini ya lebo halitaji ngano.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sheria ya Marekani ya 2004 inalazimisha ngano itangazwe, shayiri haimo. Kimea cha shayiri kinaweza kukaa katikati ya viambato, hata kujificha ndani ya kile wanachokiita "ladha asilia", na tangazo lile likanyamaza. Cha chupa hii hakikujificha: kiliandikwa mstari wa tatu! Bwana mdogo alisoma mkia wa lebo akaacha kichwa. Chupa iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya ingemwokoa, maana kule shayiri lazima iandikwe kwa herufi za kuonekana.

Na ile aliyoikataa? Glukosi ya ngano husafishwa hadi protini karibu yote itoke, ndiyo maana Ulaya haidai itangazwe kama kizio. Nimelisema hili hadi koo limekauka: gluteni ni protini, na ngano si makao yake pekee.

Kuosha chombo na kubadili kijiko alifanya vizuri.

Daktari Mholanzi Willem Dicke, aliyetoa tasnifu yake kuhusu siliaki mwaka 1950, hakuwa na lebo ya kumsaidia. Aliwaondolea watoto wagonjwa nafaka, akawarudishia, akafuatilia mafuta kwenye kinyesi chao. Hata mama wa zamani muuza kinywaji cha bushera, ukimuuliza kimea, anakujibu ni cha mtama au cha ulezi kabla hujamaliza swali. Hawa wa mashine za espreso wanajua jina la ladha tu.

Mtasema ipelekwe maabara. Kwa kipimo kipi? Kipimo cha kawaida cha gluteni, ELISA, hudaka protini kwa sehemu mbili. Iliyokatikakatika kwenye kimea huweza kuiponyoka, jibu likasomeka chini ya miligramu 20 kwa kilo, kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa chakula kisicho na gluteni. Vipande hivyo vinataka ELISA shindani.

Waagizaji wa shira wa Kampala, leteni cheti chenye namba na jina la kipimo. Hadi hapo, chupa inayotaja kimea bila kutaja nafaka yake isimwagwe kwenye kikombe cha mtu wa siliaki.