Papa Aliyegeuzwa Mamba

Kosa lilitendeka usiku wa pili, tena kwa wino mwekundu. Wenzangu wa baraza walioufuatilia msako ule wa kitabu kisichokumbukwa jina wanakumbuka jinsi sahibu yetu wa Pangani alivyosimulia kitabu alichosomewa na babu yake alipokuwa mtoto: kima na papa waliofanya urafiki kwenye mkuyu ulioinamia bahari, safari ya majini, moyo ulioachwa mtini, na mwishoni punda asiyekuwa na masikio, ambaye msimulizi hakujua ameingiaje humo. Aliongeza kuwa babu alikuwa akisoma ukurasa mmoja na kuuruka wa pili. Ushahidi ulinakiliwa vyema, na kwa hilo mwandishi wa daftari anastahili shukrani. Kisha kiongozi wa msako, ambaye elimu yake siikanushi, akasema kwamba papa hali matunda, kwamba hadithi hiyo tangu Bara Hindi ni ya mamba, na kwamba mtoto alichanganya mambo. Akalikata neno “papa” na juu yake akaandika “mamba”.

Papa hali matunda! Na kima je, huacha moyo wake mtini?

Tulitazame tendo hili bila haraka, maana majuma tisa yaliyopotea yalizaliwa nalo. Ni kweli kwamba katika Panchatantra rafiki wa majini ni mamba. Ni kweli kadhalika kwamba katika Kalila wa Dimna, aliyoifasiri Ibn al-Muqaffa kwa Kiarabu katika karne ya 8, rafiki huyo ni kobe. Walakini maarifa hayo, ambayo yalipaswa kumfanya kiongozi wetu amsadiki shahidi, yalimfanya amsahihishe, ilhali hoja yenyewe inaelekea upande wa pili kabisa: ikiwa kwa Wahindi ni mamba na kwa Waarabu ni kobe, basi mtu anayekumbuka papa amekwisha kutaja bandari ambako kitabu chake kilipakiwa. Neno lipatanalo na vitabu vyote halikielekezi hata kimoja. Lile lionekanalo kichekesho ndilo lenye thamani, na aliyelifuta ni kama mzamiaji aliyeitupa lulu kwa sababu haikufanana na chaza. Fauka ya hayo, punda naye akawekwa kando kuwa ni wa kitabu kingine, jambo ambalo mtu aijuaye Kalila hana udhuru nalo, kwa kuwa punda yule yumo mle pia.

Laiti wangemfuata Edward Steere. Yeye, katika Swahili Tales iliyochapwa London mwaka 1870, aliyaweka maneno ya wasimulizi wa Unguja upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, asijaribu kumfundisha papa chakula chake; na humo kisa kinaitwa cha punda wa dobi, maana kima, akiisha kuokoka, ndiye amsimuliaye papa habari za punda yule. Hata Bateman, aliyechapa hadithi za Unguja Chicago mwaka 1901, na Andrew Lang, aliyemfuata Steere mwaka 1910, walimwacha papa kuwa papa. Watu wa zamani waliiheshimu kauli ya msimulizi. Wa leo hutaka kwanza ipatane na vitabu walivyosoma wao.

Juma zima lilitumika kuulizana rangi ya jalada, kazi inayomfaa mshonaji nguo, kwa kuwa kila chapa huja na kanzu yake. Wakaafikiana kuwa ni kijani.

Juma la kumi bibi mmoja, aliyekuja barazani kwa shughuli nyingine, alilifungua daftari, akaliona neno lililokatwa, akauliza ni nani aliyemwona mamba baharini kwetu. Kisha akauliza kwa nini babu awe akiruka kurasa, kama si kwa sababu zile alizoziruka zilikuwa za Kiingereza. Siku tatu baadaye nakala ya Steere, mgongo umekatika na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, ilikuwa mikononi mwa mtu wa Pangani, naye akaenda moja kwa moja kwa punda. Jalada lilikuwa la kahawia. Kiongozi wetu alilipokea daftari lake, akaandika chini ya ukurasa tarehe ya kupatikana kwa kitabu, na lile “mamba” akaliacha pale pale lilipo.