Mkono Unaoifundisha Kompyuta

Siku hizi kompyuta huweza kupima hipokampasi ya mgonjwa kwa dakika chache na kumpa daktari ukubwa wake. Nyuma ya tarakimu hiyo kuna kazi ya mkono na ya subira, nayo inastahili kutazamwa hatua kwa hatua.

Hipokampasi ziko mbili, moja kila upande, ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio. Kila moja ina takriban sentimita za ujazo 3 tu, lakini bila hizo mtu hawezi kuhifadhi kumbukumbu mpya za matukio. Ugonjwa wa Alzheimer huvamia eneo hili mapema na kulisinyaza, ndiyo maana wanaoutafuta huanzia hapa.

Kazi huanzia kwenye mashine ya MRI. Mtu hulala chali, kichwa kimeegemezwa ili kisitikisike, kwani akijisogeza picha huingia ukungu. Katika picha inayotumika hapa, maji ya ubongo huonekana meusi, tabaka lenye seli za neva huwa la kijivu, na nyuzi zinazounganisha seli hizo huwa nyeupe. Mchoraji, yaani mtaalamu anayechora mpaka wa hipokampasi kwenye picha hiyo, hana rangi nyingine za kumwongoza.

Kabla ya kuchora, hunyoosha kichwa. Hakuna watu wawili wanaolala sawasawa mashineni, basi hutafuta vifungo viwili vidogo vya nyuzi, kimoja mbele na kimoja nyuma, vinavyounganisha nusu mbili za ubongo. Huizungusha picha mpaka vifungo hivyo vikae kwenye mstari mmoja mlalo. Ndipo huikata vipande vya wima, vya sikio hadi sikio, kila kimoja kikiwa na unene wa milimita 1.

Sehemu ngumu ni ya mbele. Kichwa cha hipokampasi kimebanana na amigdala, sehemu jirani ya ubongo, na zote mbili ni za kijivu. Kinachozitenga ni utando mweupe mwembamba mno, alveasi, ambao katika baadhi ya vipande hufifia usionekane. Mchoraji halazimishi mstari. Huifungua picha ileile kwa ubavu, akautafuta utando pale unapoonekana vizuri, akaweka alama, kisha akarudi kwenye kipande chake na kupitisha mpaka nukta kwa nukta.

Katikati mkono hupata nafuu: juu kuna maji meusi, chini kuna nyuzi nyeupe. Upande wa ndani, hata hivyo, kijivu huungana na kijivu bila mpaka wa kuonekana. Hapo macho hayatoshi, hufuata kanuni.

Kanuni hiyo nayo ilitafutwa kwa subira. Kwa miaka mingi kila maabara ilikuwa na mpaka wake, na vipimo vya huku havikulingana na vya kule. Wataalamu wa Ulaya na Marekani, chini ya Giovanni Frisoni na Clifford Jack, walilinganisha taratibu zilizokuwepo, wakapiga kura kwa duru kadhaa kuhusu kila mpaka, hadi wakapata utaratibu mmoja. Kisha wachoraji watano waliofuzu wakachora hipokampasi za watu 135: wazima, wenye usahaulifu wa awali, na wagonjwa.

Michoro hiyo ndiyo anayojifunzia mwanagenzi, yaani kompyuta. Huoneshwa picha pamoja na mpaka uliochorwa, picha baada ya picha, kisha hupewa picha isiyowahi kuiona ichore yenyewe. Mchoro wake hulazwa juu ya ule wa fundi na kupimwa unavyoingiliana nao. Uzembe wa fundi nao ungerithiwa.

Tupige hesabu tuone kosa dogo lina uzito gani. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonesha kuwa hipokampasi ya mzee mwenye afya hupungua takriban asilimia 1.4 kwa mwaka, na ya mgonjwa wa Alzheimer takriban 4.7. Kwa kiungo cha milimita za ujazo 3,000, tofauti hiyo ni kama milimita za ujazo 100 kwa mwaka. Zigawe kwa vipande takriban 40: zinabaki milimita za ujazo mbili tatu, yaani nukta mbili tatu za picha, kwa kila kipande. Mstari ukipotoka kwa upana huo, dalili ya ugonjwa hufichika, au mtu mwenye afya akadhaniwa mgonjwa.

Tarakimu ya ukubwa peke yake haitoshi kuthibitisha ugonjwa, kwa sababu hipokampasi husinyaa kwa maradhi mengine pia. Daktari bado atamsikiliza mgonjwa na jamaa zake, atapima kumbukumbu, na ataomba vipimo vingine. Lakini atakapolinganisha picha ya mwaka huu na ya mwaka jana, ataweza kuuamini ushahidi ulio mbele yake, kwa kuwa kuna watu waliokataa kubahatisha hata nukta moja.