Labo ya lugha: kaske haijibu

Bandugu, leo tuseme ukweli juu ya kile chumba chenye wageni wanaonyeshwaga kila wakitembelea shule: labo ya lugha.

Pale nilisomea sekondari, hapa Bukavu, kulikuwa moja. Meza zimepangwa mstari, kila moja na kaske yake. Tuliingia mule mara chache kwa mwaka, kama kurani iko. Sauti ya Mwingereza ikasema sentensi, sisi wote tukarudilia pamoja sawa vile kwaya. Kisha kengele. Hakuna siku hata moja nilimuuliza mwenzangu swali kwa Kiingereza mule ndani.

Nilikuja kulipa deni hilo siku ya kutafuta kazi, na lisansi yangu ya agronomia mkononi. Mtihani wa kuandika nilipita. Wa mdomo, mama mmoja wa Uganda akaniuliza swali, akarudilia mara tatu, sikushika kitu. Kumbe aliuliza tu nimefanyia utafiti wangu kwenye udongo wa aina gani. Kitu nilisomea miaka mitano!

Sisemi labo iko mbaya. Nasema tunaitumikisha vibaya. Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik mwaka 1957, Marekani ikashtuka, na 1958 ikatoa sheria yenye ililipia masomo ya lugha na vyombo vyake. Labo zikajaa shuleni. Wazo la wakati ule: lugha ni mazoea, mtu akirudilia sana ataisema. Mwaka 1959 Noam Chomsky akalipinga wazo hilo kwa nguvu, juu mtu anasemaga kila siku sentensi zenye hajawahi kusikia. Kaske inaweza kukupa sentensi; haiwezi kukujibu.

Basi kazi yake ni gani? Ni sikio. Kiswahili kiko na vokali tano tu, na Kifaransa nacho hakitenganishi "i" mbili. Kwa hiyo "ship" na "sheep" kwetu ni neno moja. Tunaandika thelathini, lakini mdomo unasema selasini; njo maana "think" inageuka "sink". Na "agriculture", neno la kazi yangu: Kiswahili kinakaza silabi ya pili toka mwisho, Kifaransa ya mwisho, Kiingereza ya kwanza. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini hawezi kusikia makosa haya kwa kila mmoja. Lakini mwanafunzi anaweza kusikiliza, kujirekodi, kujisikiliza tena na kulinganisha. Hapo labo inashinda ubao.

Kisha kaske chini. Dakika 20 za kusikiliza zinatosha. Zinazobaki ziwe za kuongea, wawili wawili. Mmoja ashike karatasi ya bei za soko la Kadutu, mwingine hana kitu. Aulize kwa Kiingereza mpaka ajaze yake. Atakosea, ndiyo. Lakini atalazimika kuelewa jibu, na kwaya haikumlazimisha hivyo hata siku moja.

Tena sauti zisikuwe za London tu. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kiingereza chenye wengi wetu tutasikia kwanza ni cha Kampala, Nairobi na Kigali. Mwalimu arekodi na watu wa kule. Haiombi pesa nyingi.

Wenye shule yao haina labo wasilie. Telefone yenye kurekodi sauti inafanya nusu ya kazi ile, na rafiki mwenye kukubali kukosea pamoja nawe anafanya nusu ingine.

Siku utarudi kutembelea shule yako ya zamani, na prefe akufungulie chumba kile, usihesabu kaske. Muulize: wiki hii nani aliongea mule, na nani alimjibu?