Urithi wa Mkono Si Kunakili

Hapa Pinga kila nyumba yajua mkeka. Lakini ni wachache wanaojua kuupima. Twasema "ni mzuri" kwa sababu ya rangi, kisha twapita. Ili tujifunze kuhukumu kazi yetu, tutazame kwanza kazi ya wenzetu Wakuba wa Kasai.

Wakuba hutengeneza kitambaa cha nyuzi za mwale, kinachoitwa mahameli ya Kasai. Mwanamume hufuma kitambaa, mwanamke hukitarizi. Hupitisha uzi kwa sindano chini ya nyuzi za kitambaa, kisha huukata kwa kisu, ncha zikabaki zimesimama kama manyoya mafupi. Hapana fundo: uzi washikwa na ufumaji wenyewe. Basi mume akifuma kwa uvivu, kazi ya mkewe itaharibika. Kipande kimoja chaweza kula miezi mingi.

Uzuri wake uko wapi? Mtarizi hachori kwanza. Michoro imo kichwani mwake, ameipokea kwa mama na nyanya. Huanza mstari, na katikati huuvunja akaingiza mwingine. Atakaye kila pembe ilingane na mwenziwe ataona kosa. Mimi naona akili inayofikiri.

Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Yeye alistaajabia zaidi alama za magurudumu mchangani. Akaagiza zinakiliwe, na mchoro huo ukaitwa kwa jina lake. Huo ndio urithi ulio hai: jicho lililofundishwa na wazee huona mchoro hata katika kitu kipya.

Na kwetu je? Vita vilivyoanza 1993 sokoni Ntoto, Walikale, vimewahamisha watu mara nyingi, na mtoto aliye mbali na nyanya yake hajifunzi kusuka. Wengine hudhani dawa ni kumpa mtoto mfano aunakili. Haitoshi. Mkeka wake waweza kuwa safi, lakini siku mfano ukipotea, ufundi umekwisha. Mtoto aketi karibu na nyanya, aulize sababu, afumue, aanze tena.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 35, chasema kwamba Mungu alimpa Besaleli ufundi wa mikono, tena akamtia moyoni kuwafundisha wengine. Wenye mikono hiyo wangalipo parokiani. Tuwapelekee watoto wetu wangali hai.