Kosa Lina Kwao

“I was stolen my phone.” Sentensi hii haikosekani katika madaftari ya Kidato cha Kwanza, Ikwiriri na hata Kibiti. Msahihishaji mwenye haraka huipiga mstari mwekundu, akaandika juu yake iliyo sahihi, akafunua ukurasa. Msahihishaji bingwa husimama hapo. Anasikia nyuma yake sentensi nyingine isiyo na dosari hata chembe: niliibiwa simu. Mtoto huyu hakukosea kufikiri. Kiswahili kimempa kauli inayomtanguliza aliyepatwa na jambo, hata kama kilichochukuliwa ni mali yake na yeye mwenyewe yupo salama. Ni kauli hiyohiyo inayotuwezesha kusema fulani amefiwa, na kwa neno moja msiba ukawa umemfika yeye. Kiingereza hakina kauli hiyo. Kikisema mtu ameibwa, basi amebebwa yeye, mzimamzima.

Mimi nafundisha Kiswahili, na meza yangu katika ofisi ya walimu inatazamana na ya mwenzangu wa Kiingereza. Naandika kuisifu kazi yake, maana watu wengi huiona ni kazi ya kugawa vema na makosa. Kazi hiyo ni elimu ya kutambua kosa limetoka wapi, na haiwezekani kwa mtu asiyekijua Kiswahili kwa undani.

Mtoto wa huku Rufiji huanza na Kiswahili, na mara nyingi na Kindengereko cha bibi yake pia. Darasani husoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi, kisha siku anapovaa sare ya sekondari, biolojia, jiografia na hesabu hugeuka Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, serikali haikukubali. Miaka miwili baadaye Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, waliwapima wanafunzi wetu wakaona wengi hawakiwezi Kiingereza kiasi cha kusomea masomo mengine. Kisha kuanzia 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uliposambaza shule za kata, mzigo wa kumvusha mtoto ukawaangukia walimu wa sehemu kama hizi. Kesi ya lugha ya kufundishia nina maoni yangu juu yake, lakini madaftari yako mezani leo na lazima yasahihishwe leo.

Chukua insha ya mafuriko. Baada ya maji ya Aprili 2024 kila mtoto wa bonde hili alikuwa na lake la kusimulia, na insha za namna hiyo huenda hivi: “The water came, it entered the house, we climbed the dungu, father called a canoe.” Sentensi nne kamili zimeunganishwa kwa mkato mtupu, na kwa Kiingereza hilo ni kosa linalokatazwa katika kila kitabu cha sarufi. Lakini isome kwa sikio la kwetu. Maji yakaja, yakaingia ndani, tukapanda dungu, baba akaita mtumbwi. Hapo hakuna kilicholegea. Ile -ka- inafanya kazi kama uzi unaoshonea ukili mpaka ukawa mkeka: kila tendo limeshikwa na lililolitangulia. Mtoto alipohamia Kiingereza aliiacha -ka- nyuma, kwa kuwa huko haipo, akabaki na mikato peke yake.

Mwalimu asiyeliona hilo huandika pembeni “weka nukta”. Mtoto mtiifu ataweka nukta baada ya kila maneno manne, na insha ijayo itakuwa ya vipandevipande, haina pumzi. Dawa imezaa ugonjwa mwingine. Mwenzangu humwita mtoto mezani. “Shikamoo, madam.” “Marahaba. Hebu nisomee hapa.” Mtoto anasoma. Kisha mwenzangu anamuuliza, katika haya yote, lipi ndilo tukio lenyewe, na yapi yanalisindikiza? Mtoto akisema kubwa ni kupanda dungu, anaambiwa aliseme kwanza kwa Kiswahili, na mara nyingi hutoa mwenyewe: maji yalipoingia ndani, tulipanda dungu. Ile -lipo- ndiyo “when” aliyokuwa akiihitaji. Alikuwa nayo muda wote.

Hivyohivyo kwa “a” na “the”, vijineno vinavyowatesa hata watu wazima wenye shahada. Husemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha kulinganisha navyo. Si kweli kabisa. Nimesoma kitabu, nimekisoma kitabu: katika ya pili, wewe na mimi tunakijua kitabu kinachotajwa. Mizani haiko sawasawa, na haitamwongoza mtoto kila mahali, lakini anayeihisi tofauti ya sentensi hizo mbili tayari anajua “the” inatafuta nini.

Mengine ni mepesi na hayahitaji kikao kirefu. Baba anageuka “she” kwa sababu a- yetu haiulizi mume au mke. “Although” inafuatwa na “but” kwa kuwa ingawa yetu hupenda kutembea na lakini. “The fish which I bought it” ni samaki niliyemnunua, yule -m- amevuka naye.

Pit Corder, mwanaisimu Mwingereza, aliandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anazozijenga kichwani, na akatenganisha kosa la namna hiyo na kuteleza kwa kalamu tu. Wahenga walishasema kuteleza si kuanguka. Aliyeteleza ukimwambia tazama tena, anajirekebisha mwenyewe. Aliyejenga kanuni atatazama tena na tena asione kitu, kwa kuwa kanuni yake inamwambia yuko sahihi. Kujua huyu ni yupi kati ya hao wawili, ukiwa na rundo la madaftari mbele yako na umeme umekatika, ni ubingwa ambao haulipiwi posho.

Kuna na ubingwa wa kutokuona kosa pasipo na kosa. Wapo wanaokata sentensi ya Kiingereza kwa sababu imeanza na “because” au imeishia na kihusishi. Henry Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, aliita imani ya namna hiyo juu ya vihusishi ushirikina. Bado inaishi, na kila inapopita mtoto aliyeandika vizuri hujifunza kuogopa.

Walimu wengi wanategemea vitabu vya makosa ya kawaida. Mashuhuri kati yavyo kilitolewa mwaka 1936 na T. J. Fitikides, mwalimu wa kisiwa cha Saiprasi, ambako wengi huzungumza Kigiriki. Ni kitabu cha maana na nakiheshimu, lakini kinaorodhesha makosa bila kuuliza Mswahili amelipataje hili. Mimi natamani kitabu kilichopangwa kwa sarufi yetu: sura nzima ya -ka-, sura ya kufiwa na kuibiwa, sura ya -m- na -ki- zinazovuka bila kuitwa. Mifano yake iwe ya mpunga, ya kambale na ya mikoko, ichukuliwe kutoka madaftari yenyewe. Na kiandikwe na watu wawili wanaokaa meza zinazotazamana, wa Kiingereza na wa Kiswahili, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.