Pango la Mwiala na Kisima cha Liyongo

Iko kazi moja ya kalamu ambayo watu wazima huidharau kwa sababu wasomaji wake ni watoto, nami naihesabu miongoni mwa kazi zinazodai ustadi kupita nyingi zinazosifiwa barazani: kazi ya kuchukua visa vya kale, vyenye majoka na waaguzi na mashujaa wasiodhurika kwa chuma, na kuvitia ndani ya wakati maalumu wa tarehe, penye vita vilivyopiganwa kweli na watu waliokufa kweli, kisha kumkabidhi kijana wa miaka kumi na miwili kitabu ambacho ndani yake ajabu na tarehe zimekaa pamoja bila ya moja kuikana nyingine. Mbunifu mtupu ana uhuru wa kutenda apendavyo, na mwanahistoria ana kumbukumbu za kumwongoza. Huyu wa tatu hana uhuru wa yule wala ushahidi wa huyu, na hata hivyo hutakiwa awe mwaminifu kwa wote wawili.

Hazina iliyochotwa sana kwa kazi hii katika vitabu vya Kiingereza ni ile ya Ayalandi. Rosemary Sutcliff, Mwingereza aliyedhoofishwa viungo na maradhi tangu utotoni, aliwaandikia vijana kisa cha Cú Chulainn mwaka 1963 na kile cha Fionn mac Cumhaill mwaka 1967. Na Pat O'Shea, mzaliwa wa Galway, alitoa mwaka 1985 kitabu kinene ambamo watoto wawili, kaka na dada, wanaandamwa na Morrígan, mungu wa kike wa vita, katika mashamba na vichochoro wanavyovijua. Nchi hiyo si ngeni kabisa kwa watu wa Trans Nzoia, kwa maana mapadri wa Kiayalandi wametumikia katika nyanda hizi kwa miaka mingi, na jimbo Katoliki la Kitale lilipoundwa mwaka 1998 askofu wake wa kwanza, Maurice Crowley, alikuwa Mwayalandi.

Katika visa vya Waayalandi kimoja nakipenda kuliko vyote, nacho ni cha Oisín, mwana wa Fionn, aliyechukuliwa na Niamh juu ya farasi mweupe hadi nchi ya ujana usiokwisha, akakaa huko muda aliodhani ni miaka mitatu, akaingiwa na shauku ya kuwaona jamaa zake, akaruhusiwa kwenda kwa sharti kwamba mguu wake usiguse ardhi. Naye alipoinama kuwasaidia watu waliokuwa wakihangaika na jiwe zito, ukanda wa tandiko ukakatika, akaanguka, na miaka mia tatu ikamshukia kwa pigo moja. Mtoto anayesoma habari hii haambiwi na mtu yeyote kwamba wakati ni mkali. Humwona mpanda farasi hodari akigeuka kikongwe mavumbini, naye hufahamu. Ajabu ilimbeba Oisín mahali pasipofikika, lakini wakati ulidai deni lake lote, na msimuliaji hakuthubutu kumsamehe hata siku moja. Hapo ndipo ninapouona ufundi wenyewe.

Na sisi tunacho kisa kilicho ndugu wa hivyo. Cú Chulainn alipojeruhiwa jeraha la mauti alijifunga kwenye nguzo ya jiwe ili afe amesimama, na adui zake hawakuthubutu kumkaribia mpaka walipomwona ndege mweusi ametua begani pake. Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, alipochomwa kitovuni kwa shaba na mwanawe mwenyewe aliyerubuniwa na mfalme wa Pate, alitoka hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale utani, akafa katika hali hiyo. Na mji mzima ukakosa maji kwa khofu ya maiti. Siamini kwamba watu wa Ulster huko Ayalandi na watu wa Pate waliambizana. Naamini kwamba kila mahali walipopatikana wasimuliaji wenye insafu waliona kuwa shujaa hawezi kuokolewa kutoka mautini, ila anaweza kupewa namna ya kufa inayomstahili. Na huo mpaka kati ya kile ambacho ajabu inaruhusiwa kukitenda na kile isichoruhusiwa ndio mali kubwa ya fani hii.

Sasa natazama kwetu, kuanzia Kwanza na Endebess chini ya mlima Elgon hadi Bungoma na Webuye, nami nasema bila ya kusita kwamba mwandishi aliyezaliwa hapa hana haja ya kuazima joka la mtu. Wabukusu husimulia habari za Mango na nyoka mkubwa wa pango la Mwiala, aliyekuwa akila watu na mifugo, hata yakamfika Mango mwenyewe katika nyumba yake. Naye akaingia pangoni nyoka alipokuwa hayupo, akamvizia, akamkata kichwa kilipopenya mlangoni. Majirani zao wa jamii ya Wasabaoti, waliojua ukali wa nyoka yule, waliukiri ushujaa wake, naye akatahiriwa kwa desturi yao. Na kwa hiyo, wasema wazee, ndiyo maana hata leo, kila ifikapo Agosti ya mwaka wa shufwa, vijana wa Kibukusu hupita njiani wakipiga njuga na kuimba, wakiwaalika wajomba na shangazi. Joka la Ayalandi limebaki vitabuni. La Mwiala lina msimu wake katika kalenda, na mtoto anayesoma habari zake anaweza kuwa na kaka atakayesimama uani mwezi ujao.

Tena mapango yenyewe si ya kubuni. Katika mbuga ya Elgon yako mapango ya Kitum na Makingeny, ambamo ndovu huingia usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, ili wachimbe kuta kwa pembe na kula mawe yenye chumvi. Mwandishi asiyejua hili atajaza pango lake mienge na vito vya thamani. Ajuaye atamweka mtoto nyuma ya jabali, asikie mawe yakisagwa na kiumbe asichokiona, na hatakuwa amesema uongo hata kwa neno moja.

Nikae kidogo katika jambo hili la ujuzi, kwa sababu ndilo linalotenga fundi na mbabaishaji. Kijana wa Kwanza huamka, hutazama pande zote, na kitu akionacho ni hindi; kaunti nzima husifiwa kuwa ghala ya mahindi ya Kenya, naye hana sababu ya kudhani kwamba nchi imepata kuwa na sura nyingine. Lakini mashamba hayo makubwa yalikuja na walowezi baada ya ardhi kutwaliwa, na mikaratusi inayopanga mistari kando ya barabara asili yake ni Australia. Basi mwandishi anayetaka kumpeleka msomaji wake katika karne ya kumi na tisa hana budi, kabla ya kumwita mwaguzi wala nyoka, aling'oe hindi lote, aikate mikaratusi yote, arudishe majani marefu na wimbi na mtama, asonge ugali mweusi wa wimbi jikoni, na kuwaacha ng'ombe walishwe pale ambapo leo pana ua wa seng'enge. Hiyo ni sihiri kubwa kuliko ya joka, nayo haifanywi ila kwa kusoma sana na kuwauliza wazee kwa adabu. F. E. Makila, aliyetoa historia ya Wabukusu mwaka 1978, amewatengenezea njia wale watakaokuja. Na wale wasemaji wa kumuse, ambao husimama mbele ya waliofiwa baada ya maziko na kueleza koo na nyayo za mababu kwa saa nyingi, ni maktaba ambayo mwandishi yeyote wa Bungoma angeona haya kuipita.

Kisha huja sehemu iliyo ngumu. Mwaka 1895 Waingereza, wakiongozwa na C. W. Hobley, pamoja na askari wa Kisudani na washirika wa Kiafrika, waliziendea ngome za Wabukusu, Lumboka kwanza na Chetambe baadaye, kilimani karibu na mahali ulipo mji wa Webuye. Chetambe lilikuwa boma la handaki na ukuta wa udongo, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto na mifugo, lakini bunduki zilishinda. Kijana akisoma kitabu kilichoanza kwa Mango na nyoka wake atatumaini, na ana haki ya kutumaini, kwamba mizimu itashuka mlimani na kuzifanya risasi kuwa maji. Mwandishi dhaifu atampa hilo, na kwa kumpa atakuwa amewanyang'anya waliokufa Chetambe kifo chao, na kumfundisha msomaji kwamba babu zake walishindwa kwa kukosa dua iliyo sahihi. Ebrahim Hussein, alipotunga Kinjeketile mwaka 1969 juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, aliyaacha maji yashindwe kama yalivyoshindwa, na wala ukubwa wa Kinjeketile haukupungua kwa sababu hiyo, bali uliongezeka, maana tulimwona mtu anayebeba neno ambalo limekwisha kumponyoka. Hadhira yake ilikuwa ya watu wazima. Kuwafanyia watoto jambo hilo hilo, bila ya kuwavunja moyo na bila ya kuwadanganya, ni kazi ya mkono uliotulia sana.

Kiswahili kinatosha kwa kazi hii hata katika nyanda hizi zilizo mbali na bahari. Ken Walibora, mzaliwa wa Bungoma, alithibitisha hivyo katika Siku Njema ya mwaka 1996, alipomtoa kijana Tanga na kumfikisha Kitale, na vijana wa Kenya nzima wakafuatana naye njia yote. Laiti mmoja wa wale waliokisoma kitabu hicho darasani angeigeuza safari, aanzie Mwiala na kumalizia Chetambe, na amkabidhi binti usimulizi, kwa kuwa nyimbo za Agosti zimemhifadhi Mango na wanawe wa kiume kwa ukamilifu, na aliyekuwa ndani ya ukuta ule wa udongo na mdogo wake mgongoni hazikumtaja. Nyoka na ampate kutoka kwa bibi yake, aliyesikia habari zake kwa bibi yake mwenyewe. Bunduki azione kwa macho yake mwenyewe. Na mwandishi asimwongezee msaada wowote kutoka mlimani ila ule ambao watu wa mwaka 1895 wenyewe waliuomba.